Uvimbe gani, na nani aliuona?

Maswali ya wasomaji kwa daktari wetu wa masikio, pua na koo

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Morogoro. Mume wangu ana miaka 51 na amekuwa mpiga debe wa mabasi kwa zaidi ya miaka ishirini. Tangu masika yaanze sauti yake imekauka, na sasa huu ni mwezi wa tano. Asubuhi inatoka kidogo, ikifika mchana hakuna kitu, anawaita wanawe kwa kupiga makofi. Anavuta sigara kama kumi na tano kwa siku, na jioni hakosi bia mbili. Zahanati walimmulika kooni kwa tochi, wakaandika kwenye daftari lake "uvimbe wa nyuzi za sauti", wakampa antibiotiki. Amemaliza dozi tatu na hali ni ile ile. Shemeji yangu anasema hicho ni kimeo, kikatwe. Mwenyewe haniambii kitu, lakini usiku namsikia hajalala. Juzi akaniuliza, "Uvimbe huu si ndio saratani yenyewe?" Nikakosa la kumjibu. Naomba unijibie.
Mama wa Wanne, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mpe pole baba watoto, nawe pole kwa kukesha naye. Swali lake ni la haki na sitalizunguka: kwa haya uliyoniandikia, hakuna mtu anayeweza kumwambia kwamba ana saratani, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba hana. Nyuzi zake za sauti bado hazijaonwa na mtu yeyote.

Tochi ya mdomoni inaonyesha ulimi, kimeo, mafindofindo na ukuta wa nyuma wa koo, basi. Nyuzi za sauti ziko chini zaidi, nyuma ya shina la ulimi, ndani ya kile kikoromeo kinachopanda na kushuka mwanamume akimeza. Hata apanue mdomo namna gani, huzioni. Kwa hiyo aliyeandika "uvimbe wa nyuzi za sauti" baada ya kumulika aliandika alichokisikia kwenye sauti, akakisia kilicho chini. Huenda amepatia. Lakini mumeo anakosa usingizi kwa sababu ya jambo la kukisia, na hilo halifai kuendelea hata wiki moja zaidi.

Halafu kuna hili neno lenyewe. Mguu ukitenguka tunasema una uvimbe. Mwanamke mwenye fibroidi anaambiwa ana uvimbe kwenye kizazi. Saratani nayo tunaiita uvimbe. Neno moja limebeba maji yaliyojaa, nyama iliyoota na ugonjwa unaoua, na mgonjwa akiambiwa "una uvimbe" anachukua ile maana inayotisha kuliko zote, anakwenda nayo nyumbani, analala nayo. Ndiyo maana mtu akinijia na neno hilo huwa namuuliza mambo mawili: uvimbe gani, na nani aliuona?

Nyuzi za sauti zinavimba kwa namna nyingi. Mtu akipata mafua, au akishangilia mpira dakika tisini, zinakuwa nyekundu na nzito, na ndani ya wiki moja au mbili zinarudi kama zamani. Hiyo haihusiani na saratani. Walimu, waimbaji na watoto wanaopiga kelele huota sugu, nitazieleza kwa mwalimu aliyeandika kutoka Mwanza hapa chini. Wengine huota kinyama kimoja upande mmoja, wakati mwingine baada ya kelele moja tu kubwa iliyopasua mshipa mdogo wa damu, na mpiga debe anaweza kukipata hicho siku yoyote.

Lakini kwa mvutaji wa miaka mingi, kuna uvimbe mmoja ambao nautazamia kabla ya mwingine wowote. Chini ya ngozi laini ya kila uzi wa sauti kuna nafasi nyembamba mno, ambayo Mjerumani Friedrich Reinke aliichunguza mwaka 1895, na mpaka leo madaktari tunaiita kwa jina lake. Moshi wa sigara ukipita hapo miaka nenda miaka rudi, nafasi hiyo hujaa ute mzito. Nyuzi zenye afya ni nyeupe na zimenyooka, rangi yake kama nyama ya nazi. Kwa mvutaji huyu, nikiingiza kamera naona vifuko viwili vilivyotuna, vinavyocheza kila anapovuta pumzi, mithili ya maji ya kandoro ndani ya mfuko wake. Sauti inashuka na kuwa nzito. Nimewatibu akina mama ambao wakipiga simu wanaitikiwa "ndiyo, baba".

Uvimbe huo hugeuka saratani? Ni nadra sana. Mumeo alisikie hilo kwanza. Kisha asikie na la pili, maana nikimficha nitakuwa nimemdhulumu: moshi ule ule uliojaza vile vifuko ndio chanzo kikubwa cha saratani ya kikoromeo, na pombe ikiingia juu ya sigara, hatari ya viwili hivyo inazidishana. Wavutaji wawili wanaweza kuja kliniki siku moja wakiwa na sauti zilizokauka sawasawa, mmoja ana maji tu, mwingine ana saratani, na sikio langu, pamoja na miaka yote hii, haliwezi kuwatofautisha. Tena mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, maji yametuna upande huu na kidonda kidogo kimejificha nyuma yake. Kinachotofautisha ni kuangalia, na pale penye shaka, kuchukua kinyama kikapimwe maabara.

Nasema kwa uchungu kwa sababu kosa la kutibu bila kuangalia niliwahi kulifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa daktari kijana, mwaka wangu wa pili kazini, foleni imefika getini. Akaja fundi cherehani, mzee mpole, sauti imekauka. Nikamulika kwa tochi, nikaona koo jekundu, nikaandika dawa. Akarudi baada ya mwezi, nikaandika nyingine. Hakurudi tena mpaka mwezi wa nane, usiku, kila pumzi anayoivuta inapiga mluzi. Tulimfungulia tundu shingoni usiku ule ule ili apumue. Baadaye aliondolewa kikoromeo chote. Aliishi, lakini alikuja kliniki na vipande vya vitambaa vya giza mfukoni, anaandika maneno yake kwa ile chaki ya kuchorea nguo, ananionyesha, anafuta kwa kiganja, anaandika tena. Siku moja aliandika jina la mjukuu wake aliyezaliwa wiki ile, akaonyesha kidole kooni, akatikisa kichwa: hatamwita kwa sauti. Tangu hapo sauti iliyokauka siitibu kwa tochi.

Antibiotiki nazo zisiendelee. Sauti kukauka, mara nyingi, hakuletwi na kitu kinachouawa na antibiotiki. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2018 unakataza kuzitoa kwa mazoea, na unataka kikoromeo kitazamwe kama sauti haijarudi ndani ya wiki nne, au mapema zaidi kama mgonjwa ni mvutaji, ana nundu shingoni au anapumua kwa shida. Mimi wagonjwa wangu nawaambia wiki tatu, kwa sababu najua safari zetu za rufaa. Mumeo yuko mwezi wa tano na ni mvutaji.

Sasa kimeo. Shemeji ana nia njema, lakini mzuieni. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia juu ya ulimi, na hakina kazi yoyote na nyuzi za sauti, ambazo ziko chini kabisa. Kukikata hakutaondoa hata chembe ya tatizo. Nimepokea watu waliokatwa kimeo kwa wembe wakavuja damu mpaka wakahitaji kuongezewa, na wengine koo likaoza. Baya zaidi kwa mgonjwa kama mumeo ni kwamba baada ya kukatwa familia hukaa ikisubiri kidonda kipone, na miezi mingine miwili inapotea.

Fanyeni hivi. Rudini mlikoandikiwa mwombe rufaa ya hospitali ya mkoa, au popote penye daktari wa masikio, pua na koo. Chukueni daftari lile lile. Akiingia aseme mambo matatu kwa kifupi: sauti imekauka miezi mitano, navuta sigara na nakunywa, sijawahi kuangaliwa nyuzi za sauti. Maneno hayo matatu yanamtosha daktari yeyote wa koo kujua kwamba mtu huyu haondoki bila kutazamwa.

Kipimo chenyewe kisimtishe. Mahali pengine watatumia kioo kidogo cha duara chenye mpini mrefu, wakipashe moto kidogo kisifunikwe na mvuke wa pumzi, wamshike ulimi kwa kitambaa cha bandeji na kumwambia aseme "eee". Kioo hicho kina historia yake: mwaka 1854 mwalimu wa kuimba, Manuel García, alitumia kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Siku hizi hospitali nyingi kubwa zina kamera, mrija mwembamba unaopita puani. Watampulizia ganzi, atasikia ladha chungu nyuma ya ulimi na koo kama limenenepa, macho yatatoka machozi, na ndani ya dakika chache wamemaliza. Halazwi, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Wakiona vifuko vya maji peke yake, tiba ya kwanza ni kuacha sigara. Kuna upasuaji wa kunyonya ule ute, lakini akitoka chumba cha upasuaji akawasha sigara, unajaa tena. Wakiona uzi mmoja umelala hauchezi wala hautikisiki, watataka picha ya kifua, kwa sababu mshipa wa fahamu wa upande wa kushoto hushuka mpaka kifuani chini ya mshipa mkuu wa damu kabla ya kupanda tena kooni, na kitu kilichoko kwenye mapafu kinaweza kuuminya. Na kwa kuwa tuko Tanzania, naomba sana apimwe makohozi. Kifua kikuu hukaa pia kwenye kikoromeo, sauti inakauka vile vile, kumeza kunauma, na hata mwenye kamera anaweza kukifananisha na saratani. Kipimo na dawa zake hospitali za serikali ni bure, na kinapona.

Na kama itakuwa ndiyo yenyewe? Saratani inayoanzia kwenye nyuzi za sauti inapiga kelele mapema. Kitu kidogo kama punje ya mtama kwenye ukingo wa uzi kinaharibu sauti, wakati sehemu nyingine za mwili kingekaa miaka bila kuhisiwa. Tena nyuzi hizo zina njia chache mno za kuupeleka ugonjwa kwenye tezi za shingo. Kwa hiyo anayewahi, ugonjwa ukiwa bado kwenye uzi peke yake, hutibiwa kwa mionzi au kwa upasuaji mdogo wa kupitia mdomoni, na karibu watu tisa kati ya kumi wanakuwa hai baada ya miaka mitano, wengi wao wakiwa na sauti zao. Mionzi inapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Hesabu hiyo inashuka kila ugonjwa unapovuka mpaka mmoja zaidi.

Asisubiri rufaa, aende dharura, akianza kupumua kwa mluzi, akikohoa damu, au akishindwa kumeza mate. Nundu ngumu shingoni, kukonda, au sikio kuuma upande mmoja wakati sikio lenyewe ni zima, ziwe sababu ya kwenda kesho yake asubuhi.

Wakati mnasubiri: sigara isimame leo, si siku ya majibu. Debe aliache kabisa kwa sasa, na kijiweni waambiwe kwamba ni agizo la daktari. Asinong'one. Watu wengi wakikaukiwa hunong'ona wakidhani wanapumzisha sauti, kumbe wanazikaza nyuzi zaidi. Aongee kidogo, kwa sauti ya kawaida, akiwa karibu na anayemwambia. Makofi ya kuwaita watoto ni mazuri, aendelee nayo.

Usiku wa leo, mama, akiuliza tena, mwambie hivi: "Hakuna aliyeuona huo uvimbe. Jumatatu tunakwenda kwa atakayeuona, na tunakwenda wote." Watu wengi huogopa neno saratani mpaka wanaikimbia hospitali. Akiona umeshika daftari lake na nauli iko tayari, atakwenda.

SWALI: Shikamoo daktari. Ni mwalimu wa darasa la pili, Mwanza, miaka 34, sivuti sigara wala sinywi pombe. Wanafunzi wangu ni 87. Nimepimwa kwa kamera, nimeambiwa nina sugu pande zote mbili za nyuzi za sauti. Je, zitageuka saratani? Nahitaji upasuaji? Niache ualimu?
Mwalimu, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wewe umeangaliwa, kwa hiyo nakujibu kwa uhakika: sugu hazigeuki saratani. Ni kama sugu ya mshika jembe. Sauti ya mwanamke ikitoka, nyuzi hupigana zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na ukiongea saa moja bila kupumzika zinafika mara laki saba na ushei. Mahali zinapogongana kwa nguvu zaidi ndipo ngozi inapoota ugumu, na kwa kuwa zinagongana zenyewe kwa zenyewe, sugu zinakuwa mbili, zinatazamana.

Usiache kazi. Upasuaji ni wa mwisho kabisa, maana ukikatwa sugu ukarudi kufundisha vile vile zinaota upya. Badilisha namna ya kulitawala darasa. Nunua kengele ndogo ya mkononi, uipige badala ya kupaza "nyamazeni". Waweke wenye sauti kubwa wawe wasomaji wa mistari. Simama katikati ya madawati, usipigane na kelele ukiwa ubaoni. Chupa ya maji iwe mezani, unywe kidogo kidogo kutwa nzima, na usisafishe koo kwa kukohoa-kohoa, meza mate badala yake. Kama una kiungulia kitibiwe, kwa sababu asidi inayopanda usiku inaziunguza nyuzi hizo hizo. Na kama jioni unaimba kwaya, tafadhali, ipumzike miezi mitatu.

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 66, alikuwa mvutaji mkubwa, ameacha mwaka jana. Amekaukiwa sauti tangu Januari. Daktari alimtazama kwa kamera akaona doa jeupe kwenye uzi mmoja wa sauti, akataka kuchukua kinyama kikapimwe. Baba zangu wakubwa wamekataa. Wanasema uvimbe ukiguswa na kisu saratani inaamka na kusambaa. Nifanye nini?
Binti, Tanga

JIBU: Mwanangu, wasalimie wazee wako, na uwaambie nimesikia hofu yao na ninajua ilikotoka. Wamewaona watu waliokatwa kinyama wakafa baada ya miezi michache, wakafunga hesabu kwamba kisu ndicho kilichoua. Watu wale walifika wamechelewa, saratani ilikuwa imekwisha kusambaa kabla kisu hakijawagusa. Kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye uzi wa sauti hakiamshi ugonjwa uliolala.

Doa jeupe ni jambo tofauti na ule uvimbe wa maji niliomweleza mama wa Morogoro. Hili linaweza kuwa ngozi iliyonenepa tu kwa moshi, linaweza kuwa chembechembe zilizoanza kuharibika kidogo au sana, na linaweza kuwa saratani changa. Kwa macho yote ni meupe. Katika yote yanayoonekana kwenye nyuzi za sauti, hili ndilo nisilokubali kulikisia.

Wazee wanaopenda habari za kale wasimulie ya baba yake Kaizari, yule Kaizari wa zama za Wajerumani huku kwetu. Baba huyo, Friedrich III, alikaukiwa sauti mwaka 1887. Daktari kutoka London, Morell Mackenzie, alichukua vinyama, vikapimwa na Rudolf Virchow, bingwa wa zama zile, na saratani haikuonekana. Sauti haikurudi. Februari 1888 akafunguliwa tundu shingoni, Machi akarithi ufalme akiwa hawezi kusema, anaandika kwenye karatasi, na tarehe 15 Juni 1888 akafariki, siku 99 tu tangu atawale. Kwa hiyo majibu yakija yanasema hakuna saratani na doa bado lipo, au sauti bado imekauka, baba arudi kutazamwa na ikibidi kinyama kichukuliwe tena. Jibu moja zuri halifungi faili.

Nakushauri usibishane nao kwenye kikao. Mwombe baba mkubwa mmoja, yule anayesikilizwa zaidi, aongozane na baba kliniki, na umwombe daktari amwonyeshe doa lenyewe kwenye skrini. Kinyama chenyewe huchukuliwa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, kupitia mdomoni, bila kidonda cha nje, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Majibu yakitoka, nakili maneno ya karatasi ya maabara herufi kwa herufi, hata usipoyaelewa, uniandikie. Nitakujibu kabla ya toleo lijalo.